Wa Saba Kuzaliwa: Tarehe ya Askari wa Buha

Jina Nyandwi likisomwa kwenye orodha ya askari waliokufa vitani, msomaji wa Dar es Salaam ataona jina tu. Msomaji wa Kasulu ataona nyumba nzima. Nyandwi ni mtoto wa saba. Kabla yake mama yake alikwisha kujifungua mara sita, na baada yake, Mungu alipojalia, akaja Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, pengine hata Buchumi wa kumi. Askari akiitwa Butoyi, basi alizaliwa pacha, tena pacha wa pili, kwa kuwa aliyetangulia ni Bukuru. Akiitwa Chiza, alizaliwa akiwafuata mapacha. Ndugu hao wote hawamo kwenye karatasi ya jeshi, lakini wamo ndani ya jina.

Nimeanza na majina kwa sababu katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, jina ndiyo kumbukumbu ya askari ambayo haikuhamishwa. Mengine yake yote yamehama. Makazi yake yalihamishwa, wilaya yake imegawanywa, utawala wa Mwami wake umefutwa, na jeshi alilolifia limebadilisha bendera. Mjukuu anayemtafuta leo akianza na karatasi peke yake atafika mahali ambapo hapana mtu. Akianza na jina, huenda akamfikia shangazi.

Buha ya zamani ilikuwa na tawala kadhaa: Heru na Bushingo upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na nyingine kuelekea ziwani. Kila utawala ulikuwa na Mwami wake. Chini ya Mwami walikuwapo abatware waliosimamia maeneo, na chini kabisa, karibu na udongo, alikuwapo umuteko, mzee wa ardhi, aliyejua nani analima wapi na kwa ruhusa ya nani. Nasaba za Abami ziliandikwa. Maofisa wa Kiingereza waliziingiza katika madaftari ya wilaya, mwana baada ya baba. Ndiyo maana hata leo mtu anaweza kueleza bila shida ukoo wa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeikalia Heru tangu mwaka 1946. Mkulima aliyepanda maharage na migomba chini ya utawala huo hakuandikiwa nasaba. Yeye aliandikwa alipolipa kodi, na aliandikwa tena alipochukuliwa.

Kuchukuliwa kulianza na vita vya Wajerumani. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, vita vikaja mwaka huohuo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Rwanda na Burundi, yakaichukua Kigoma mwishoni mwa Julai, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Jeshi hilo liliishi kwa shingo za watu. Risasi, unga, chumvi, mahema ya maofisa, vyote vilipanda na kushuka vilima juu ya vichwa vya wapagazi. Wabelgiji wakaendelea kuishika Kigoma hadi mwaka 1921, walipowakabidhi Waingereza.

Upande wa Waingereza hesabu inayotajwa sana ni ya wapagazi wapatao 95,000 waliokufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, na waliouawa kwa risasi walikuwa wachache kati yao. Wengi walikwenda kwa kuhara damu, nimonia, malaria na njaa. Dar es Salaam mtaa mzima umebaki na jina lao, Kariakoo, kutokana na kikosi hicho cha wabeba mizigo kilichoweka kambi pale. Tangu mwaka 1927 katikati ya jiji imesimama Sanamu ya Askari, bunduki mbele, na maandishi yake yanawasifu askari na wapagazi kwa pamoja. Hakuna hata jina moja la mtu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Kwa hiyo familia ya Kibondo inayosimulia kwamba babu wa babu yao alichukuliwa na Wabelgiji asirudi, isihangaike sana kumtafuta kwenye ukuta wa kumbukumbu. Simulizi yao ndiyo hati. Iandikwe kama ilivyo, pamoja na jina la njia aliyoonekana akiishika mara ya mwisho.

Vita vya Hitla ni habari nyingine. Hapo karatasi zipo, na hapo ndipo kazi ya kumtafuta askari inaweza kuzaa matunda. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Wengine walijiandikisha wenyewe, wengine walipelekwa na majumbe. Wengi walihudumu katika lile jeshi la Mwingereza ambalo wazee wetu waliliita Keya. Batalioni ya Watanganyika ilikuwa ya sita. Kikosi chake cha kwanza kilipigana Ethiopia mwaka 1941, mwaka uliofuata kikapelekwa Madagaska. Batalioni nyingine mbili za Tanganyika, ya 26 na ya 36, zilikwenda Burma, nchi ambayo wazee waliitamka Bama.

Hebu tuiangalie siku moja tu ya vita hivyo. Tarehe 19 Mei 1941, mahali panapoitwa Colito, kusini mwa Ethiopia, batalioni ya sita ilivuka mto ikashambuliwa na vifaru vya Waitaliano. Sajini mmoja, Nigel Leakey, alipanda juu ya kifaru akakifungua na kuwaua kwa bastola waliokuwamo, isipokuwa dereva. Akakimbilia kingine, akauawa, na maiti yake haikuonekana tena. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, na jina lake limechorwa kwenye ukuta wa makaburi ya vita Nairobi. Ushujaa huo ni wa kweli na siutilii shaka. Lakini sajini huyo tunajua alizaliwa wapi, baba yake nani, na kwamba Louis Leakey, yule mtafiti wa mafuvu ya kale ya Olduvai, alikuwa jamaa yake. Pembeni yake palikuwa na askari wa Tanganyika, nao walivuka mto uleule. Nyumba zao nani amezisimulia? Hawakukosa nyumba. Walikosa mtu wa kuuliza.

Wapo ambao hawana hata udongo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama ndani ya dakika chache, na watu 1,297 walikufa. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao kaburi lao ni bahari, na majina yao yako Nairobi.

Waliofika Burma walikutana na mvua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni hizo mbili za Tanganyika, iliteremka bonde la Kabaw katika nusu ya pili ya mwaka 1944, wakati wa masika makubwa ya kule, njia zikiwa tope hadi magotini, malaria ikiangusha watu sambamba na risasi. Mwezi Desemba walifika Kalewa, wakavuka mto Chindwin. Kijana aliyezoea mvua za Buha, zinazonyesha kisha zikaanuka, alikaa wiki nzima na nguo zilizolowa. Waliokufa huko bila kaburi lenye jina wamechorwa kwenye nguzo za mnara wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, pamoja na wenzao wa mataifa mengine. Majina yote kwa ujumla yanakaribia 27,000.

Sasa tushuke kwenye karatasi yenyewe. Katika daftari la makaburi, chini ya baadhi ya majina ya askari wa Afrika Mashariki, umeongezwa mstari mfupi: mwana wa fulani, mume wa fulani, wa mahali fulani, Tanganyika. Mstari huo ndio mlango wa nyumba, lakini una vizingiti vinavyomkwaza asiye mwenyeji.

Kizingiti cha kwanza ni sikio la karani. Aliandika alivyosikia, na mara nyingi hakuwa Muha. Herufi R ikawa L, Gw ikawa Kw, silabi ya mwanzo ikadondoka. Mtafutaji asikate tamaa kwa kukosa jina mara ya kwanza. Alitamke kwa sauti jinsi Mnyamwezi au Mzungu angelitamka, kisha atafute tena.

Kizingiti cha pili ni neno baba. Muha wa wakati ule hakuwa na jina la ukoo la kurithishwa. Kila mtoto alipewa lake, lililosema hali ya kuzaliwa kwake au dua ya wazazi, kama Bizimana, ajuaye ni Mungu. Jeshi lilipotaka majina mawili, la pili likawa la baba. Lakini kwetu baba mkubwa ni baba na baba mdogo ni baba. Yatima aliyelelewa na baba mdogo alimtaja huyohuyo bila kusita, wala hakusema uongo. Ukimkuta baba wa kwenye karatasi halingani na baba wa kwenye simulizi, usiitupe karatasi wala simulizi. Uliza kwanza ndugu wa kiume wa nyumba ile walikuwa wangapi.

Cha tatu ni mahali. Buha ilikuwa ghala la manamba. Vijana walishuka kwa miguu hadi kwenye reli, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, miezi ikawa miaka. Aliyejiandikisha jeshini akiwa huko aliweza kuandikwa wa Tanga, naye alizaliwa Muhambwe. Wengine walisilimu au kubatizwa wakiwa ugenini, na nyumbani hakuna aliyelijua jina jipya. Kwao mama alikuwa akimlilia Nyandwi, na jeshini amekufa Ramadhani.

Na iko nishani. Katika masanduku ya nguo ya familia fulani imelala nyota ya shaba yenye ncha sita, yenye herufi za jina la mfalme katikati na utepe uliokwishapauka. Ni nyota ya waliopigana Burma. Watoto huigeuza nyuma wakitafuta jina la babu, na nyuma ni patupu. Nyota za vita vile Waingereza walizitoa bila kuchora jina la mwenyewe. Kwa hiyo nyota inasema tu kwamba mtu wa nyumba hii alifika Bama, haisemi nani. Bibi aliyeiweka sandukuni ndiye aliyejua, na akifariki bila kuulizwa, kinachobaki ni kipande cha shaba.

Tuseme umevuka yote hayo. Una jina, una baba, una neno Kibondo. Unapanda basi hadi Kibondo, unauliza kijiji kilichotajwa, na hakuna anayekijua. Hapa ndipo wengi hugeuka nyuma, na hapa ndipo tarehe ya nchi inapaswa kujulikana.

Waha wa zamani hawakukaa vijijini kwa maana ya leo. Kila mji ulikuwa peke yake juu ya kilima chake, umezungukwa na migomba, na wafu walizikwa hapohapo. Miaka ya 1930 ugonjwa wa malale uliingia Buha kwa nguvu, hasa upande wa Kibondo. Serikali ya kikoloni iliamua kuwatoa watu kwenye vilima vilivyotawanyika, iwakusanye katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka, ili mbung'o wakose mahali pa kukaa. Tiba hiyo iliokoa maisha, hilo tulikubali. Ila vilima vilivyoachwa vilirudi kuwa pori, na migomba iliyokuwa alama ya mji wa babu ikamezwa. Askari aliyekufa Burma mwaka 1944 huenda alihamishwa akiwa mtoto, na alipoulizwa na karani kwao ni wapi, akataja kilima ambacho tayari hakikuwa na moshi.

Kisha kukaja kuhamishwa mara ya pili. Mwaka 1972 Kigoma ilipata operesheni yake ya vijiji, mapema kuliko mikoa mingi. Watu walihamishwa tena, safari hii wakapangwa kwenye mistari kando ya barabara, karibu na shule, zahanati na kisima. Mji ulioachwa wakati wa malale na mji ulioachwa wakati wa operesheni ni miji miwili tofauti, na watoto wa nyumba moja waliweza kuangukia vijiji vitatu. Ongeza mgawanyo wa wilaya wa mwaka 2012, Buhigwe ilipotolewa Kasulu, na Kakonko ikatolewa Kibondo. Askari aliyeandikwa wa Kasulu mwaka 1944 leo ndugu zake waweza kuwa wakazi wa Buhigwe wasiokwenda Kasulu ila sokoni.

Ndiyo sababu nasema usiulize kijiji. Uliza kilima na mto. Uliza nani alikuwa umuteko wa pale, na wajukuu wake wako wapi sasa, maana hao bado hujua nani alikaa upande gani wa bonde. Uliza parokia na makanisa ya zamani. Daftari la ubatizo la Wakatoliki huandika baba, mama na msimamizi wa ubatizo, na jina la mama ndilo jeshi halikulitaka. Katika misheni kongwe kama ya Kabanga, karibu na Kasulu mjini, daftari la namna hiyo lina thamani kuliko faili la boma.

Na nenda kwa wanawake. Ukifika asubuhi sema "Mwakeye," kaa pale unapokaribishwa, na kalamu ibaki mfukoni kwanza. Mwanamume atakueleza vita. Bibi atakueleza nani alilia, nani alikataa kuolewa tena, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa wa nani. Kama mjane alirithiwa na shemeji yake, watoto hao wanaweza kuwa ndio wanaobeba jina la marehemu, na karatasi yoyote ya serikali itakupoteza hapo. Mpe muda. Habari ya mtu aliyeondoka akiwa kijana na hakuzikwa haitoki kwa swali moja.

Vita vya tatu vina mashahidi wanaotembea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita. Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka ule, lilipanuliwa kwa mgambo kutoka mikoa yote, Kigoma ikiwamo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu waliokufa wengi wao hawakurudishwa kwenye vilima vyao. Zaidi ya 600 wamelala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa yanayotunzwa na jeshi. Kutoka Kibondo ni kupanda Kakonko, Nyakanazi, Biharamulo, kisha Muleba. Si Burma. Ni barabara ambayo mabasi huipita kila siku, na bado ninazifahamu familia ambazo hazijawahi kusimama kwenye kaburi la mtu wao.

Katika miaka ya karibuni desturi imebadilika. Desemba 2017 walinda amani 14 wa Tanzania walipouawa Semuliki, mashariki ya Kongo, miili yao ilirudishwa kwa ndege, ikaagwa Dar es Salaam, ikapelekwa kwao. Mama alishika jeneza. Nililitazama tukio lile kwenye televisheni nikawakumbuka akina mama wa Heru na Muhambwe waliopelekewa habari na tarishi wa boma, au ambao hawakupelekewa habari kabisa, wakaendelea kumtazamia mtu njiani hadi macho yao yakaingia ukungu.

Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa, maua huwekwa, ngao na mkuki huwekwa. Ni jambo jema na liendelee. Lakini serikali haiwezi kujua kwamba Nyandwi alikuwa na dada aliyeitwa Minani aliyeolewa ng'ambo ya Malagarasi. Hilo linajulikana kwenu tu.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, nawe uliyeko Dar es Salaam au Mwanza ambaye kwenu ni huko. Nunua kaunta buku. Nenda kwa mzee wa kike aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu, uende mwaka huu. Andika jina la askari kama nyumbani lilivyotamkwa, kisha kama karani angeliandika. Andika kilima, mto, umuteko, mama yake na ndugu zake wote waliokufa na waliopona. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ipeleke parokiani au kanisani kwenu. Na kabla ya kuuliza alifia wapi, uliza alikuwa wa ngapi kuzaliwa.